Chombo na Mwenye Kukitumia: Historia ya Fani Mpya Katika Uwanda wa Kati

Katika vyuo vikuu vya dunia ya leo imo fani moja ambayo jina lake bado halijatulia vinywani mwa Waswahili. Wanaoifundisha huiita kwa majina mawili matatu, lakini kiini chake ni kimoja: ni elimu ya kusanifu vyombo, hasa vile vinavyoendeshwa kwa kompyuta, kwa kuanzia kwa mtu atakayevitumia badala ya kuanzia kwa mashine. Mtu aliyekwisha pata shahada ya kwanza huisomea fani hii kwa mwaka mmoja au miwili ili apate shahada ya uzamili. Na wapo waendeleao hadi uzamivu. Hujifunza kumtazama mtu akiwa kazini, kumsikiliza, kutengeneza mfano wa chombo kwa karatasi au kwa mbao, kumpa mtu yule yule aujaribu, kisha kuubomoa na kuutengeneza upya kwa kadiri ya yale aliyoyaona. Katika insha hii tutaiita usanifu wa maingiliano, kwa maana ya maingiliano baina ya mtu na chombo chake.

Jina hilo kwa Kiingereza lilibuniwa katika miaka ya 1980, na anayetajwa mara nyingi kuhusu kubuniwa kwake ni Bill Moggridge, msanifu wa Kiingereza aliyeshiriki kuunda mojawapo ya kompyuta za kwanza za kubebwa mkononi. Kwa sababu hiyo, kijana wa Ipagala, mojawapo ya kata za Jiji la Dodoma, anayetaka kuisoma fani hii aghalabu huambiwa kwamba anafuata elimu ya kigeni isiyo na mizizi katika nchi yake. Maneno hayo hayana ukweli mkubwa. Swali ambalo fani hiyo imejengwa juu yake, yaani ni nani aliyeulizwa kabla chombo hakijatengenezwa, limekwisha ulizwa mara nyingi katika nchi ya Ugogo na katika Tanzania kwa jumla. Na gharama ya kutoliuliza imekwisha lipwa papa hapa, tena kwa fedha nyingi na jasho jingi.

Tuanze na nyumba, kwa kuwa nyumba nayo ni chombo. Wazee wa Kigogo waliishi katika tembe. Tembe ni nyumba ya paa la bapa, fupi kwa kimo, yenye vyumba vilivyopangwa kuzunguka ua. Nguzo zenye panda hubeba boriti; juu ya boriti hulazwa fito na vijiti, na juu ya hivyo hushindiliwa udongo. Usiku ng'ombe hulala uani, wakizungukwa na kuta za wenyewe. Mchana paa hutumika kuanikia nafaka. Msomaji aliyezoea nyumba za pwani zenye paa la makuti lililoinama hushangaa: je, mvua ikinyesha, paa hilo halivuji? Jibu limo katika hesabu ya mvua yenyewe. Dodoma iko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwaka hupata mvua isiyofika milimita 600, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua, upepo na vumbi. Nyumba fupi haigombani na upepo. Udongo wa paa huzuia joto la mchana na kuhifadhi vuguvugu usiku wa baridi wa Juni na Julai. Wala hapana nyasi nyingi za kuezekea katika nchi kavu kama hiyo. Kila kipimo cha tembe kilikuwa jibu la swali lililoulizwa na nchi na mifugo.

Hata hivyo tusiisifu tembe kupita kiasi, maana sifa za namna hiyo ni ugonjwa wa waandishi wengi wa mambo ya mila. Katika nyufa za sakafu na kuta zake waliishi papasi, na papasi huambukiza homa ya vipindi, ambayo iliwatesa watoto na wanawake waja wazito wa Ugogo kwa vizazi vingi. Moshi nao ulikosa pa kutokea. Kwa hiyo, serikali ilipowahimiza wananchi katika miaka ya 1970 kujenga nyumba bora za matofali na madirisha makubwa, haikuwa inapinga jambo lisilo na kasoro. Lakini mabati bila dari hugeuza chumba kuwa tanuri saa nane mchana, na nyumba ya mstari mmoja haina ua wa kulaza ng'ombe. Aliyekuwa akijua habari za papasi hakujua habari za ng'ombe, na aliyekuwa akijua habari za ng'ombe hakuambiwa habari za papasi. Mazungumzo baina ya hao wawili ndiyo yaliyopungua. Ni jambo muhimu kwa mwanafunzi wa usanifu kuliona hili mapema: kumwuliza mtumiaji hakuna maana ya kumsifu wala ya kukubali kila asemalo.

Mfano mkubwa zaidi wa chombo kilichotengenezwa bila kumwuliza mtu uko mashariki ya Dodoma, huko Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 ofisa mmoja mkuu wa kampuni ya United Africa, Frank Samuel, alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika ya Mashariki. Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Ujumbe huo ulikaa wiki tisa tu, na sehemu kubwa ya ardhi waliitazama kutoka ndani ya ndege. Taarifa yao ilipendekeza kulima zaidi ya eka milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Kongwa ilichaguliwa kuwa mahali pa kuanzia, nayo ilitazamiwa kutoa eka 150,000 katika mwaka wa kwanza.

Yaliyofuata yanajulikana na watu wengi kwa jumla, lakini inafaa kuyaangalia kwa jicho la msanifu. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, yaliyonunuliwa yakiwa yamechakaa. Vifaru vya kijeshi vilifanyiwa mabadiliko vikawa matrekta. Mibuyu ya Ugogo, yenye mashina mapana kuliko chumba cha kulala, haikung'oka kama miti ya Ulaya. Mizizi ya vichaka ilibaki chini na kuvunja majembe. Udongo mwekundu wa Kongwa una mchanga mkali unaolika vyuma, tena wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama saruji. Karanga zilizokomaa chini yake hazikuweza kung'olewa. Na mvua, ambayo taarifa iliihesabu kwa kumbukumbu za miaka michache, ilikuja kidogo au haikuja kabisa. Katika mwaka wa kwanza eka zilizopandwa hazikufika 10,000. Mradi ulivunjwa Januari 1951, baada ya kula kiasi cha pauni milioni 36 za fedha za walipa kodi wa Kiingereza.

Sasa, palikuwa na watu waliokuwa wakiijua nchi hiyo. Wagogo walilima uwele na mtama, mimea ivumiliayo ukame, katika mashamba madogo yaliyotawanyika ili mvua ikikosa hapa ipatikane pale. Ng'ombe wao hawakuwekwa mahali pamoja. Waligawanywa kwa ndugu na marafiki wa mbali, na mtaalamu Peter Rigby aliyeishi miongoni mwao alieleza utaratibu huo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1969. Walikuwa na kumbukumbu ya njaa kubwa iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza, waliyoiita Mtunya, ambayo iliwaua watu wengi sana na kuwatawanya waliobaki. Mathias Mnyampala, mshairi na mwanahistoria wa Kigogo, alichapisha mwaka 1954 kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo; miaka mitatu tu baada ya matrekta ya Kongwa kunyamaza. Elimu yote hiyo ilikuwapo. Haikuwa na njia ya kufika mezani kwa wachora ramani, kwa sababu katika mpango ule Mgogo hakuhesabiwa kuwa mtu mwenye ujuzi; alihesabiwa kuwa kibarua.

Lingekuwa jambo rahisi kusema kwamba kosa hilo lilikwisha mara tu bendera ya mkoloni iliposhushwa. Historia haikwenda hivyo. Mwalimu Nyerere alieleza waziwazi, katika maandishi yake ya mwaka 1967 na 1968, kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine bali hujiendeleza wenyewe kwa kushiriki katika maamuzi. Fikra hiyo ndiyo mama wa usanifu wa maingiliano, ijapokuwa haikutamkwa kwa ajili ya kompyuta. Lakini Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, na operesheni za vijiji zilizofuata nchini kote hadi mwaka 1976, ziliendeshwa kwa haraka. Vijiji vilipangwa kwa mistari iliyonyooka. Maji, shule na zahanati vilisogea karibu na watu, na hilo lilikuwa jema lililodhahiri. Lakini mashamba na malisho yalibaki mbali, na katika nchi ya wafugaji umbali huo si jambo dogo. Fikra ilikuwa sahihi, na mkono ulioitekeleza mara nyingine uliisahau.

Katika miaka ile ile, kwa upande mwingine, yalifanyika majaribio ambayo wanafunzi wetu wa leo hawayajui, nayo yanastahili kufundishwa. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu kiasi cha milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Redio peke yake ni chombo kinachosema bila kusikia. Kikundi, kiongozi wake na kijitabu ndivyo vilivyoipa masikio, angalau ndani ya kijiji. Ujumbe wenyewe, ni kweli, ulitungwa Dar es Salaam.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 1975 hadi 1979, Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ikishirikiana na Akademia ya Finland, iliendesha katika Wilaya ya Bagamoyo utafiti ulioitwa Jipemoyo. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyeishi Tanzania miaka mingi. Watafiti walikaa na wanavijiji, wakachunguza pamoja nao matatizo ya ufugaji, kazi za ufundi na ngoma, na matokeo yakarudishwa kwa wanavijiji wenyewe wayajadili kabla hayajawa vitabu. Na katika kijiji cha Bwakira Chini, Mkoani Morogoro, mwaka 1976, wataalamu na wakulima walikaa pamoja kulitazama tatizo la nafaka kuharibika ghalani. Badala ya kuleta ghala la bati lililochorwa mjini, walichambua maghala yaliyokuwapo na kasoro zake, kisha wakachora na kujenga maghala yaliyoboreshwa kwa vifaa vinavyopatikana pale pale. Aliyeandika habari za Bwakira Chini hakutumia neno usanifu wa maingiliano, kwa maana lilikuwa halijabuniwa. Lakini mwanafunzi wa uzamili wa leo akisoma habari zile atazitambua hatua zote alizofundishwa darasani.

Kompyuta je? Wengi hudhani kwamba ilifika nchini juzi. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kufikia mwaka 1974 zilikuwapo chache katika ofisi na mashirika ya umma. Zilikuja pamoja na wataalamu wa kigeni walioziendesha. Mpango wa kuweka hesabu za serikali ndani ya mashine ulikwenda kombo, na Wizara ikalazimika kurudia njia ya mikono. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu, na marufuku hayo yalilegezwa taratibu tu katika miaka iliyofuata.

Watu wengi wa siku hizi huyacheka marufuku yale. Mwandishi wa insha hii hayacheki. Kweli yalitucheleweshea mafunzo ya vijana wetu kwa muda usiopungua miaka kumi, na hilo lilikuwa hasara. Hata hivyo swali lililokuwa nyuma yake lilikuwa la haki: kuna faida gani kwa nchi maskini kununua kwa fedha za kigeni chombo ambacho karani wake hawezi kukiendesha, fundi wake hawezi kukitengeneza, na mkuu wake hawezi kukikosoa? Jibu la marufuku lilikuwa baya. Swali lilikuwa zuri. Palikosekana watu waliosomea namna ya kulijibu.

Watu hao walianza kupatikana kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Huko Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kristen Nygaard, mwanahisabati mashuhuri wa kompyuta, alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma ili wafanyakazi wenyewe wawe na kauli juu ya mashine zitakazoingizwa viwandani mwao. Kutokana na kazi hiyo, na nyingine kama hiyo katika nchi jirani za Skandinavia, ilikua shule ya fikra isemayo kwamba mfanyakazi ana haki ya kushiriki kusanifu chombo atakachofanyia kazi. Msomaji atakumbuka kwamba miaka hiyo ndiyo miaka ya Jipemoyo na Bwakira Chini. Fikra mbili zilizofanana zilikuwa zikimea katika nchi mbili zilizo mbali sana, moja kiwandani, moja shambani.

Zilikutana katika zahanati. Mwaka 1994, Afrika ya Kusini ilipoondokana na ubaguzi wa rangi, wataalamu wa huko na wa Chuo Kikuu cha Oslo walianzisha mpango wa kutengeneza mfumo wa taarifa za afya pamoja na wahudumu wa afya wenyewe. Mpango ulienea katika nchi nyingine, Tanzania ikiwamo. Walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Oslo kusomea uzamivu: Honest Kimaro alimaliza mwaka 2006, akiwa ameandika juu ya namna mifumo ya taarifa za afya inavyoweza kudumu katika wilaya za Tanzania baada ya wafadhili kuondoka, na Juma Lungo alimaliza mwaka 2008, akiwa ameandika juu ya pengo lililopo baina ya mfumo ulivyochorwa na hali halisi ya mahali unapotumika, kwa mifano ya shule na hospitali za nchi hii.

Pengo hilo si neno la vitabuni tu. Kila muuguzi wa Tanzania anaijua MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioenezwa nchini katika miaka ya 1990. Ni safu ya vitabu vikubwa: kimoja cha wagonjwa wa nje, kingine cha wajawazito, kingine cha watoto, na kadhalika. Muuguzi huandika kila mgonjwa kitabuni, mwisho wa mwezi huhesabu kwa vijistari, hujumlisha, hujaza fomu na kuipeleka wilayani. Wizara ilipata takwimu; je, zahanati ilipata nini? Watafiti waliona kwamba wahudumu wengi walizihesabu takwimu kwa ajili ya mkubwa wa juu, wala hawakuzitumia kwa kazi yao wenyewe. Na takwimu ambayo anayeikusanya haimfai kitu, huandikwa kwa haraka na kwa makosa. Kompyuta ilipoingizwa, na kufikia mwisho wa mwaka 2013 mfumo mpya uliotokana na kazi ile ya Oslo ulikuwa umeenea katika mikoa yote ya Tanzania Bara, tatizo hilo halikuondoka lenyewe. Vitabu vilibaki zahanati, kompyuta ikakaa wilayani. Kulitatua kulihitaji mtu wa kukaa na muuguzi, kutazama anaandika saa ngapi, kwa mwanga gani, na baada ya kuhudumia wagonjwa wangapi.

Iko pia historia ya wananchi kuusahihisha usanifu bila kuombwa. Mwaka 2005 kampuni ya simu ya Safaricom ya Kenya, pamoja na Vodafone ya Uingereza, ilifanya majaribio ya huduma iliyokusudiwa kuwasaidia wakopaji wadogo kulipa madeni yao kwa simu. Watu walioshirikishwa katika majaribio hayo hawakujifunga na nia ya wasanifu. Walianza kutumiana fedha wao kwa wao, wengine wakiweka fedha simuni kabla ya safari na kuzitoa waendako. Wasanifu walikuwa na busara ya kulitazama jambo hilo, wakaigeuza huduma yao ifuate mwendo wa watu. Ilipofunguliwa rasmi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, ilikuwa huduma ya kutuma fedha nyumbani. Ililetwa Tanzania mwaka 2008, nayo mwanzoni ilienea polepole kuliko Kenya, kwa maana nchi ni pana, watu wametawanyika na mawakala walikuwa wachache. Chombo kile kile, watu wengine, matokeo mengine. Leo anayepita Ipagala, kama apitaye mtaa wowote wa Dodoma, humkuta wakala chini ya mwavuli wake barabarani. Na mzee asiyejua kusoma humpa wakala huyo simu ambonyezee, akimwamini kwa fedha zake na kwa namba yake ya siri. Je, chombo cha namna hiyo kimemfikiria mzee yule? Mwavuli wa wakala unafanya kazi ambayo msanifu hakuimaliza.

Lugha nayo ni sehemu ya chombo. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Uswidi kilitoa programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi ya kishujaa ya kuunda istilahi mia kwa mia. Lakini istilahi haziamriwi. Wanalugha wetu walikwisha pendekeza maneno ngamizi na tarakilishi. Watanzania wakayasikiliza kwa heshima, kisha wakaendelea kusema kompyuta. Hapo napo mtumiaji alisanifu.

Mji wa Dodoma wenyewe ni somo kubwa la mambo haya. Mwaka 1973 TANU iliamua kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Ramani kuu ya mwaka 1976, iliyochorwa na kampuni ya Toronto, Kanada, ilikuwa na jambo moja la kusifiwa sana: iliwaza mji wa watu waendao kwa miguu na kwa mabasi, si mji wa magari ya wakubwa, na ilitaka majengo yafuate vilima badala ya kuvitawala. Lakini Mamlaka ilikuwa ndiyo mmiliki wa ardhi yote, mwananchi akiwa mpangaji, na malalamiko ya viwanja na bomoabomoa yaliendelea miaka mingi hadi Mamlaka ilipovunjwa Mei 2017. Mwaka uliofuata Dodoma ilipewa hadhi ya jiji. Sensa ya 2012 iliwakuta mjini humo watu zaidi ya 400,000. Ile ya 2022 iliwakuta zaidi ya 760,000. Kata kama Ipagala zinajazwa na nyumba, maduka na shule, na pamoja na wakazi zimekuja ofisi za serikali ambazo huduma zake nyingi sasa hupatikana kwa kompyuta na simu: malipo, vibali, maombi ya kujiunga na vyuo.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 katika eneo la Chimwaga, kina ndaki nzima inayoshughulikia kompyuta na elimu ya masafa. Arusha iko Taasisi ya Nelson Mandela, iliyopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2011, nayo hufundisha uzamili na uzamivu peke yake. Na tangu mwaka 2016, wataalamu wa usanifu wa maingiliano wa bara zima wamekuwa na mkutano wao, wa kwanza ukiwa Nairobi. Mlango, basi, uko wazi kwa kijana aliyemaliza shahada ya kwanza, iwe ya kompyuta, ya sosholojia au ya sanaa za ufundi. Maana fani hii huwahitaji wote, na wale watokao sosholojia mara nyingi huwazidi wenzao kwa subira ya kusikiliza.

Mwanafunzi huyo atadaiwa tasnifu, na tasnifu hudai mahali. Si lazima apande ndege kulitafuta. Aombe kibali, aende katika zahanati yoyote ya Ugogo, akae kwenye benchi pamoja na wagonjwa kuanzia saa moja asubuhi, na asifungue kompyuta yake kwa wiki ya kwanza. Amtazame muuguzi. Kitabu cha MTUHA kitakuwa mezani, pembe zimekunjamana. Huenda pambizoni mwa ukurasa akaona safu nyembamba iliyochorwa kwa kalamu na rula, ambayo Wizara haikuichapisha, imejaa alama fupi zinazoeleweka na mwandishi wake tu. Amwulize muuguzi, kwa adabu na kwa Kiswahili au Kigogo, safu hiyo ni ya nini.